Fahali Aliyesimama Mbele ya Profesa: Je, Umeme Umeitawala Nafsi?

Miongoni mwa vitabu vinavyotajwa kila yanapozungumzwa mambo ya ubongo ni kile alichokiandika Profesa José Delgado, Mhispania aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kitabu hicho kilichapishwa New York mwaka 1969, na jina lake ni Physical Control of the Mind, yaani kuitawala akili kwa njia ya kimwili. Mwandishi wake alifariki mwaka 2011, na elimu aliyoiandikia imesonga mbele sana. Lakini picha moja iliyotokana na kazi yake haikufa. Ni picha ya fahali wa mchezo wa Kihispania anayemwendea mtu mbio kwa pembe, na mtu huyo, ambaye ni profesa mwenyewe, anabonyeza kidude alichokishika mkononi. Papo hapo fahali anasita, anapinda upande na kuondoka.

Leo picha hiyo inatembea katika simu za vijana wetu, na mara nyingi hufuatana na maneno ya kutia khofu, kwamba wataalamu wamekwisha kuupata ufunguo wa nafsi. Wanafunzi hutuuliza: ikiwa waya mmoja na redio ndogo vyaweza kumgeuza fahali, binadamu naye ana khiari gani? Na ikiwa hana khiari, yafaa nini kuambiwa kwamba atahesabiwa kwa matendo yake? Swali hili si la kuchekwa wala la kukemewa. Mtoto akikemewa kwa swali kama hili hunyamaza mbele ya mwalimu, kisha akaenda kutafuta jawabu kwa asiyejua. Kwa hivyo nimeona tukipime kitabu hiki kwa uadilifu, tuseme kilichofaulu na kilichoshindwa.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Ubongo wa kiumbe hai hufanya kazi kwa umeme mdogo mno upitao katika neva. Mtaalamu humlaza mnyama kwa nusukaputi, akatoboa fuvu la kichwa, akaingiza waya mwembamba uliofunikwa pande zote isipokuwa ncha yake. Mnyama akiamka na kupona, hupitishiwa mkondo mdogo wa umeme katika waya ule, na mtaalamu hutazama linalotokea. Nyama ya ubongo wenyewe haisikii maumivu ya kuguswa, ndiyo maana mnyama huweza kukaa na waya kichwani huku akila na kucheza.

Delgado hakuwa wa mwanzo. Mwaka 1870 huko Berlin, madaktari wawili, Fritsch na Hitzig, waliugusa kwa umeme ubongo wa mbwa sehemu ya mbele, na viungo vya upande wa pili wa mwili vikatikisika. Wakiigusa sehemu ya kulia, hutikisika mguu wa kushoto. Baada yao akaja Walter Hess wa Zürich, aliyefanya kazi kwa paka walio macho. Hess aliingiza waya chini kabisa ya ubongo, akaona mambo ya ajabu. Mahali pamoja umeme ulimfanya paka atafute pa kulala, ajikunje na asinzie. Mahali pengine, si mbali na hapo, paka yule yule alisimamisha manyoya, akatoa makucha na kufoka kama aliyekabiliwa na mbwa. Kwa kazi hiyo Hess alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Na mwaka huo huo wa 1949 Moruzzi, Mtaliana, pamoja na Magoun, Mmarekani, walitangaza kwamba ukilichochea fungu la neva lililo ndani ya shina la ubongo wa paka aliyelazwa kwa dawa, mawimbi ya ubongo wake hubadilika kutoka yale mazito ya usingizi yakawa ya haraka kama ya aliye macho. Ikajulikana kwamba kuwa macho si hali inayojileta tu kwa kuona na kusikia. Kuna mahali maalumu katika ubongo panapouamsha ubongo wote.

Kisha mwaka 1954, Olds na Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walieleza khabari ya panya waliowekewa kibao cha kukanyaga. Kila panya akikanyaga, umeme hupita mahali fulani katika ubongo wake. Baadhi ya panya hao walikikanyaga kibao kwa mamia ya mara, na katika majaribio yaliyofuata maelfu ya mara kwa saa moja. Wengine, walipowekewa muda mfupi wa kuchagua baina ya kibao na chakula, walikiacha chakula. Sisi tunaoishi mijini pwani, tuliowaona vijana wa watu wakikonda kwa unga huku sahani ya wali imewekwa mbele yao, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jaribio hilo. Shahawa ikipata njia ya kuufikia ubongo bila kupitia kazi wala halali, humla mwenyewe.

Sasa turudi kwa Delgado na fahali wake. Jaribio lilifanyika mwaka 1963 katika shamba la mafahali karibu na Córdoba. Mji huo ndio Qurtuba ya Andalusi, alikozaliwa mwaka 1126 Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi na tabibu kwa pamoja. Waya uliingizwa katika sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo kodeti, ambayo hushughulika na kuupanga mwendo, na juu ya kichwa cha fahali kikafungwa kipokezi cha redio. Mwezi wa Mei mwaka 1965 gazeti la New York Times likaitoa khabari hiyo ukurasa wa kwanza, na dunia ikaamini kwamba hasira imezimwa kwa kidude kama inavyozimwa taa.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Je, fahali alipoa hasira, au alizuiwa mwili? Haya ni mambo mawili mbalimbali. Mtu mwenye ghadhabu ukimvuta kwa kamba asimfikie adui yake, umemzuia, lakini hukumtuliza. Elliot Valenstein, mtaalamu Mmarekani aliyeijua kazi hii kwa mikono yake mwenyewe, aliandika mwaka 1973 kwamba ukiitazama picha kwa makini utaona fahali analazimishwa kugeuka upande mmoja kila umeme unapopita. Kodeti ni mahali pa mwendo. Ikichochewa, mnyama hugeuka au huzunguka. Fahali anayetaka kwenda mbele na mwili wake ukapindishwa upande, mara moja, mara mbili, mara tatu, huchanganyikiwa na kuacha. Hapana dalili katika picha ile kwamba hasira yenyewe ilikuwa na swichi na swichi ikapatikana.

Na insafu yatutaka tuseme hivi: Delgado mwenyewe katika kitabu chake hakusema yote waliyoyasema magazeti. Aliandika kwamba lililotokea lilionekana kuwa ni mchanganyiko, kusimamishwa na kugeuzwa mwili, pamoja na kupungua kwa hamu ya kushambulia. Basi sehemu ya kwanza ya kauli yake ina ushahidi wa macho, na sehemu ya pili ni dhana. Aibu yake ni kwamba aliiacha dhana itembee mjini ikiwa imevaa nguo za yakini. Mwenye elimu ana wajibu wa kusema kweli, na ana wajibu pia wa kuikanusha ziada inayosemwa kwa jina lake, hata kama ziada hiyo inampa umaarufu.

Mfano ulio bora zaidi katika kitabu ni wa kima jike aliyeitwa Ludy. Huyu alichochewa mahali padogo katika ubongo wa kati. Kila umeme ulipopita aliacha alichokuwa akikifanya, akabadilisha sura, akageuza kichwa kulia, akasimama kwa miguu miwili, akazunguka, akapanda mti na kushuka, akanguruma, akawatisha wenzake. Kisha akarejea katika shughuli zake kama kwamba halikuwa jambo. Mfuatano huo ulirudiwa mara 20,000. Na waya ukichochewa milimita tatu tu kutoka hapo, kima yule yule alipiga miayo, basi.

Msomaji mwepesi atasema: huyo ni mashine. Lakini tazama tena. Ludy hakujigonga alipozunguka. Aliviepuka vilivyo njiani. Alipowatisha wenzake alimchagua mnyonge, hakumwendea mkubwa wa kundi. Paka naye aliyechochewa kuinua mguu wa nyuma alijipanga juu ya mitatu iliyobaki asianguke. Umeme haukumfundisha kima yupi ni mnyonge na yupi ni mkubwa. Hayo aliyajua yeye kwa maisha yake. Umeme ulibisha mlango tu, na aliyetoka nyumbani ni mwenye nyumba. Valenstein na wenzake walilithibitisha hili kwa njia nyingine mwaka 1968. Waliwachochea panya mahali palipodhaniwa kuwa ndipo pa njaa. Panya aliyekuwa akila kila anapochochewa aliondolewa chakula, akaachiwa maji na kipande cha mti. Na umeme ule ule ukiendelea mahali pale pale, baada ya muda akawa anakunywa, au anaguguna mti. Basi haikuwa sahihi kusema kwamba pale pana kitufe cha njaa. Palikuwa na mchocheo tu, na kiumbe akautafutia kazi katika yale aliyoyakuta mbele yake.

Hili Delgado analijua, na ameweka sura ya kueleza mipaka. Anakiri kwamba umeme hauwezi kumpa mtu lugha asiyojifunza, wala kuibadilisha nafsi moja ikawa nyingine, wala kumfanya binadamu kuwa mtumwa wa redio. Sura hiyo ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo isiyosomwa. Lau angekipa kitabu jina kutokana na sura hiyo, asingekiita alivyokiita.

Tuje sasa kwenye swali la vijana wetu. Maulamaa wa elimu ya tauhidi, khasa wa madhehebu ya Ash'ari ambayo ndiyo tuliyosomeshwa pwani hii, wana mfano mashuhuri. Mtazame mtu anayetetemeka mkono kwa maradhi, na mtazame mwingine anayeutikisa mkono wake kwa kutaka. Macho ya mtazamaji huona harakati mbili zinazofanana. Lakini kila mmoja wa watu wawili hao anajua nafsini mwake tofauti baina ya harakati iliyomjia na harakati aliyoichuma. Juu ya tofauti hiyo ndipo ilipojengwa hukumu. Anayetetemeka hahukumiwi kwa mtetemo wake, kama asivyohukumiwa aliyelala, wala mwendawazimu, wala mtoto mchanga, wala aliyelazimishwa.

Ajabu ni kwamba vyumba vya upasuaji vilikuja kuleta ushahidi huo huo. Daktari Wilder Penfield wa Montreal aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akaugusa ubongo wao kwa umeme. Mkono wa mgonjwa ukiinuka, na mgonjwa akiulizwa, husema kwamba si yeye aliyeuinua bali ni daktari. Delgado naye anamtaja mgonjwa aliyeambiwa ajitahidi kuviacha vidole wazi, akashindwa, vikafumba, naye akakiri kwamba umeme umemzidi nguvu. Alizidiwa, ndiyo, lakini alijua kuwa amezidiwa. Irada yake ilikuwepo, imesimama pembeni, inashuhudia.

Hata hivyo hatutaficha linalotukabili. Katika kitabu hicho hicho yumo mgonjwa mwingine ambaye kila alipochochewa aligeuza kichwa huku na huku kama anayetafuta kitu. Alipoulizwa, hakusema kwamba amegeuzwa. Alitoa sababu: mara anatafuta viatu vyake vya ndani, mara amesikia kishindo. Huyu hakuitambua harakati kuwa si yake. Wapo watakaosema kwamba hapa mfano wa maulamaa umevunjika. Mimi naona haukuvunjika, bali umetuonya. Aliyedanganyika juu ya sababu ya tendo moja hakuthibitisha kwamba watu wote wamedanganyika katika matendo yote, kama vile aliyeona sarabi hakuthibitisha kwamba hakuna maji duniani. Lakini ametuonyesha jinsi nafsi ilivyo hodari wa kujitungia sababu baada ya tendo. Na hili waliolea nafsi za watu walilijua tangu zamani. Ni wangapi wetu wanaotoa sadaka wakisema ni kwa ajili ya Mungu, kumbe ni kwa ajili ya majirani? Ndiyo maana tukaamrishwa tuipeleleze niya kabla ya amali, wala tusiiamini nafsi kwa neno lake la kwanza.

Kosa kubwa la kitabu, kwa maoni yangu, halimo katika fahali. Limo katika khabari ya kima wa kizimbani. Delgado anasimulia juu ya kima dume mkubwa wa kundi, mkali, ambaye walimpa jina la Ali. (Jina hilo lina heshima yake kwetu, lakini tusipoteze wakati kwa hilo.) Waya uliwekwa katika kodeti ya dume huyo, na kibao cha kuuendesha kikawekwa ukutani mwa kizimba. Kima jike jina lake Elsa aligundua kwamba akikibonyeza kibao Ali hutulia. Akawa anakibonyeza kila Ali anapomtisha. Mwandishi anafurahi, anasema ile ndoto ya kale ya mnyonge kumzuia jabari imetimia, japo kwa kima.

Nasema: la hasha. Kibao kile Elsa hakukichonga wala hakukitundika. Aliyekitundika ni profesa, naye angeweza kukiondoa usiku ule ule, au kuutia waya kichwani mwa Elsa na kibao akampa Ali. Nguvu haikuhama kutoka kwa jabari kwenda kwa mnyonge. Ilihama kutoka kwa kima kwenda kwa mwenye kizimba. Na katika ulimwengu wa wanadamu, nani ataruhusiwa kuutia waya kichwani mwa jabari? Jabari ndiye mwenye hospitali, ndiye mwenye jela, ndiye mwenye askari. Chombo kama hicho kikipatikana, hakitawekwa ukutani mwa mnyonge. Delgado anataka mataifa yatumie elimu ya ubongo kujenga jamii iliyostaarabika nafsi, na nia yake huenda ikawa njema, kwani aliviona vita vya nchi yake. Lakini mtu anayezuiwa kuua kwa waya hakuwa mwema. Amefungwa tu, na pingu yake haionekani. Wema ni wa yule aliyeweza kudhulumu akaacha.

Juu ya wanyama wenyewe yataka neno. Sisi tumefundishwa kwamba wanyama ni umma mfano wetu, na kwamba kuna mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, na mtu aliyesamehewa kwa mbwa aliyemnywesha maji. Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kuwekwa shabaha ya kulengwa. Kwa hivyo kumtoboa mnyama fuvu si jambo la kulipita tu kwa kusema hasikii maumivu ya waya. Mafakihi wanaoruhusu majaribio kama haya hutaka haja ya kweli, manufaa yanayotarajiwa, na mnyama asiteswe bure. Kwa mizani hiyo, kumpanga fahali kiwanjani mbele ya kamera ni karibu na mchezo kuliko elimu. Na mwaka 2002 wataalamu wa New York walitangaza panya waliowaongoza kwa kompyuta, kulia na kushoto, kwa kuchochea hisia za masharubu yao na kuwazawadia kwa umeme wa raha. Walitarajia panya hao wasaidie kutafuta watu waliofukiwa na majumba. Kama ni hilo, lina wajihi. Kama ni kupeleleza, la.

Wala haifai kuikataa elimu yote kwa sababu ya ziada ya mmoja. Kutokana na kazi hii ya waya na umeme, mwaka 1987 Daktari Benabid na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, waligundua kwamba umeme wa mapigo ya haraka ndani ya ubongo hutuliza mtetemo wa wagonjwa. Leo watu wengi duniani wenye maradhi ya Parkinson wana waya kichwani na betri ndogo chini ya ngozi ya kifua, na mzee aliyekuwa akimwaga chai kwa kutetemeka hushika kikombe akanywa. Mwaka 2007 ilitangazwa khabari ya mtu aliyekaa miaka na fahamu chache mno baada ya kuumizwa kichwa, naye alipochochewa katikati ya ubongo, sehemu ya thalamasi, akaweza tena kutamka maneno na kutafuna chakula. Na mwaka 2020 wataalamu wa Wisconsin walionyesha kwamba kima waliolazwa kwa nusukaputi hufumbua macho na kuonyesha dalili za kuwa macho sehemu hiyo ikichochewa, na umeme ukikatwa hurejea usingizini. Njia iliyofunguliwa na Moruzzi na Magoun mwaka 1949 bado inaendelea.

Tafakari basi juu ya mzee yule wa Parkinson. Huyu ndiye mtetemekaji wa mfano wa maulamaa wetu. Umeme haukumnyang'anya khiari; ulimwondolea harakati isiyo yake ili ipite ile aliyoitaka. Waya ni ule ule, na elimu ni ile ile. Tofauti ni kwamba fahali aliwekewa waya ili atawaliwe, na mzee amewekewa kwa ridhaa yake ili ajitawale. Hicho ndicho kipimo ambacho kitabu cha Delgado hakikutupa, na ndicho ningependa kila mzazi akichukue nyumbani. Mtoto akikuonyesha picha ya fahali, usimwambie ni uchawi wala usimwambie ni uongo. Mwambie mnyama yule aligeuzwa mwili, na hakuna aliyeonyesha kwamba moyo wake uligeuzwa pia. Kisha mwambie kwamba yeye, mtoto, hana waya kichwani, na simu aliyoishika inamgeuza shingo mara ngapi kwa siku.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.